Kituo cha elimu mbadala au meza ya nyumbani: kipi kimfae mtoto wako hapa Dodoma

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Nzuguni alinishika mkono tukitoka kanisani. "Mwalimu," akaniambia, "binti yangu amegoma kurudi shule. Nimwandikishe kwenye ile elimu mbadala ya serikali, au nikae naye nyumbani nimfundishe mwenyewe kwa simu?" Bajaji yangu ilikuwa inanisubiri, upepo unapiga vumbi, nikamjibu kwa mkato: "Mpeleke kituoni." Tangu siku hiyo jibu lile linanisumbua. Sikusema uongo, ila nilimpunja. Haya ndiyo ambayo ningemwambia kama tungekaa chini.

Nimefundisha sekondari miaka 11, na njia zote mbili zimepita nyumbani kwangu Nkuhungu. Binti wa kaka yangu alikatishwa masomo na ujauzito akiwa kidato cha pili huko Chamwino, akaja kuishi kwangu na mtoto wa miezi minane. Na mwanangu wa tatu alivunjika mguu akiwa darasa la nne, nikamfundisha nyumbani muhula mzima. Kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona kwa macho, pande zote mbili.

Tunalinganisha nini hasa

Njia ya kwanza ni ya umma. Ipo chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1975. Sekondari kwa njia mbadala inasomwa kwa hatua mbili: Hatua ya I inabeba kidato cha kwanza na cha pili, Hatua ya II inabeba cha tatu na cha nne. Kila hatua ni mwaka mmoja, ukisoma bila kulegea. Kuna moduli za kusomea, kuna mwezeshaji, kuna vipindi vya kukutana, lakini sehemu kubwa ya usomaji anaifanya mwanafunzi mwenyewe. Hapo ndipo simu inapoingia: vitabu vya kiada vipo bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, masomo ya video yapo, na wanafunzi wa kituo kimoja huwa na kundi lao la WhatsApp la kutumiana notsi na maswali.

Njia ya pili ni mzazi kuwa mwalimu. Yeye ndiye anayeandaa azimio la kazi, anayefundisha, anayesahihisha, anayeamua leo tunasoma au hatusomi.

Mkanganyiko mwingi unatokana na video za Marekani zinazozunguka kwenye simu zetu. Mle utamwona mama kakaa mezani na watoto wanne anawafundisha, na utaona mtoto mwingine kavaa visikilizio anasoma na mwalimu kwenye kompyuta, na wote wanasema wanasoma nyumbani. Si kitu kimoja. Florida, kwa mfano, ina shule ya umma ya mtandaoni tangu 1997, Florida Virtual School: walimu wameajiriwa, mtaala ni wa jimbo, mkazi wa jimbo hulipiwa na serikali. Yule mama wa mezani yuko peke yake, na sheria ya huko inamruhusu; tangu 1993 majimbo yote 50 yanakubali. Mzazi wa Dodoma akiiga video bila kujua tofauti hiyo anaweza kumtumbukiza mtoto kwenye shimo, kwa sababu sheria yetu ni nyingine.

Kama mtoto bado ni wa shule ya msingi

Hapa sitazunguka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ile iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma Februari 2025, imeisogeza elimu ya lazima hadi miaka 10, yaani mpaka mwisho wa kidato cha nne. Na kwa upande wa mitihani, kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake ya PREM, inayomfuata akihama shule. Ukimtoa mtoto wa darasa la tatu ukamweka nyumbani jumla, hana pa kufanyia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, hata kama anajua kuliko wenzake wote mtaani.

Mwanangu alipovunjika mguu nilikwenda kwa mwalimu mkuu na karatasi ya hospitali, tukakubaliana jina lake libaki kwenye rejesta, mimi nimfundishe nyumbani, kila Ijumaa dada yake apeleke madaftari yakasahihishwe. Mwaka ule ulikuwa wa upimaji wa darasa la nne, hakukuwa na nafasi ya kubahatisha. Kumfundisha nyumbani kwa mtindo huo, kwa muda, shule ikijua, nakuunga mkono kabisa. Kumtoa shuleni kimyakimya sikubaliani nako. Na mtoto wa umri wa msingi ambaye hakuwahi kuandikishwa, au aliacha akapitwa na umri, ana MEMKWA, mpango uliowekwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo ulinganisho wenyewe, ule ambao mzazi ana uhuru wa kweli wa kuchagua, unawahusu waliomaliza darasa la saba wakaishia njiani. Na hata hao, kabla ya yote, wajue kwamba tangu Novemba 2021 serikali ilifungua mlango wa kurudi shule ya kawaida kwa walioacha, wakiwemo waliopata ujauzito. Nilimwambia hivyo binti wa kaka. Akaniangalia, akasema, "Shangazi, nitakaaje dawati moja na wadogo zangu?" Sikumlazimisha.

Muda ni wa nani

Watu huanza kuuliza ada. Mimi ningeanza na saa.

Kituo kina ratiba, na ratiba hiyo haikujui. Kipindi kikiwa saa tisa alasiri, kitakuwa saa tisa mtoto akiwa na homa, maji yakiwa yamekatika, bodaboda wakiwa hawaonekani. Binti wetu alikuwa ananyonyesha. Miezi ya mwanzo alikwenda na mtoto mgongoni, anakaa nyuma karibu na mlango, akilia anatoka naye. Alikosa vipindi vingi. Lakini kipindi alichokikosa kilikuwa kimefundishwa. Jioni kwenye simu anakuta picha ya ubao, anakuta wenzake wanabishana kuhusu swali la tatu, naye anajua yuko nyuma kwa kiasi gani. Darasa liliendelea bila yeye, na hilo lilimvuta.

Nyumbani ni kinyume. Nilipanga na mwanangu saa mbili asubuhi hadi saa nne na nusu, kila siku. Wiki ya kwanza tulikwenda vizuri. Ya pili gesi iliisha Jumatatu, Jumatano tukapata msiba Kizota, Alhamisi akaja mgeni kutoka Kondoa. Kwetu mtu akikukuta nyumbani anajua una nafasi. Jirani akipiga hodi huwezi kumwambia subiri, niko darasani. Utaonekana una maringo. Hakuna aliyenikosea, maisha yetu ndivyo yalivyo, lakini kila kilichotokea kilikula saa ya mtoto, na saa ile haikufundishwa na mtu mwingine yeyote. Kilichotuokoa ni kuhamia chumba cha nyuma, mlango umefungwa, na binti mkubwa kuambiwa apokee wageni wote mpaka saa nne na nusu.

Mzazi anayefikiria kufundisha nyumbani ajiulize hilo kabla ya kununua hata kalamu: nani atapokea wageni?

Lugha, na hapa ndipo penye kazi

Mtoto wetu anasoma msingi kwa Kiswahili, anavuka kidato cha kwanza anakuta kila kitu kwa Kiingereza. Aliyeacha shule kidato cha pili hakupata hata muda wa kukizoea Kiingereza hicho kabla hajatolewa. Akirudi baada ya miaka miwili ya kulea na kulima, Kiingereza kimebaki maneno machache ya salamu.

Jioni moja binti alikuwa na swali la Baiolojia la mtihani wa miaka ya nyuma. Lilimtaka aeleze mambo yanayohitajika ili mbegu iote. Binti huyu amekulia Chamwino. Amepanda uwele na alizeti tangu ana miaka saba. Akiubana udongo kiganjani anakwambia kama mvua ya kwanza inatosha kupandia au ni ya kudanganya. Alikaa na ukurasa mtupu nusu saa. Neno "germination" ndilo lililomzuia. Nilipomwambia ni kuota tu, kuota kwa mbegu, alicheka kwa sauti, kisha akamwaga yote: maji, hewa, joto, na habari ya mbegu iliyotobolewa na wadudu ambayo haioti hata uimwagilie mto mzima. Tukayaandika kwa Kiswahili ukurasa wa kushoto wa kaunta buku. Halafu tukahamia kulia, kwa Kiingereza, sentensi moja moja, fupi, mpaka saa nne usiku.

Mwezeshaji mwenye wanafunzi 40 hawezi kukaa nusu saa na neno moja la mtu mmoja. Hapo nyumbani kunashinda, wala hakuna ubishi. Lakini nimeweza kwa sababu mimi ni mwalimu. Kaka yangu anampenda bintiye kuliko ninavyompenda mimi, na asingeweza kumsaidia swali lile, kwa sababu aliishia darasa la saba. Wazazi wengi wa Nkuhungu, Chang'ombe na vijijini wako kama kaka. Kwao, kufundisha sekondari nyumbani maana yake ni kumwachia mtoto simu. Simu itamsomea maneno. Haitagundua kwamba anajua jibu na hajui neno.

Hili lilijulikana hapa nchini zamani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wamekaa vikundi kusikiliza redio. Redio haikuachwa ifundishe peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu na kiongozi, kipindi kikiisha watu wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba choo. Ukiniuliza somo la video linahitaji nini lipate kufundisha, nitakujibu linahitaji vile vile mtu wa kukaa pembeni.

Mtihani, na kosa lililotugharimu mwaka

Mtihani ndio unaozitofautisha njia hizi kuliko vyote, kwa sababu bila cheti binti atabaki na maarifa yasiyomfungulia mlango wa chuo wala wa kazi.

Baraza la Mitihani halijali umesomea wapi. Aliyeacha shule kabla ya kuvuka kidato cha pili anafanya Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT. Akifaulu ndipo anaweza kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hiyo hata uliyemfundisha mwenyewe mezani anaweza kufika huko. Tofauti ni nani anashughulikia usajili. Kituoni wanakukumbusha, wanajua tarehe, wanajua muhtasari upi unatumika, na hili la mwisho si dogo, kwani mtaala mpya ulianza kuingia Januari 2024 na vitabu vya zamani bado vimejaa mitaani. Nyumbani ni wewe. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani uko Novemba. Mzazi anayekumbuka mwezi wa sita ameshachelewa.

Mwaka wa kwanza binti hakwenda kwenye njia ya umma. Tulimpeleka kituo kimoja cha binafsi cha wanaorisiti, karibu na barabara, kina bango kubwa. Tulilipa ada, tukalipa na pesa ya usajili wa QT mkononi mwa mtu, hatukudai namba ya mtahiniwa. Alisoma kwa bidii. Novemba ilipofika jina lake halikuwepo. Mwenye kituo alituambia kulikuwa na hitilafu ya mtandao, na pesa hatukurudishiwa. Binti alifunga vitabu kwenye mfuko wa rambo, akausukuma chini ya kitanda, na nilidhani ndiyo basi.

Ninalisema kwa uchungu ili wewe usilipitie: popote utakapompeleka, dai namba ya mtahiniwa iliyoandikwa, na uhakikishe majina yamefanana na cheti cha darasa la saba herufi kwa herufi. Mwaka uliofuata tulikwenda kwenye njia ya umma, na hiyo namba ndiyo kitu cha kwanza nilichouliza.

Pesa, maabara na wenzake

Kwenye pesa nitapita haraka. Kituoni kuna ada, ingawa wasichana walioandikishwa chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, walisoma bila kulipa; uliza kama nafasi hizo bado zipo. Kuna nauli na kuna bando. Nyumbani hakuna ada wala nauli, na wengi huishia hapo kwenye hesabu. Mama anayeuza mboga Majengo akifunga genge kila asubuhi afundishe, amepoteza saa zile zile ambazo wateja wananunua. Hiyo ndiyo ada ya nyumbani, na inalipwa kila siku.

Sayansi kwa vitendo ni ngumu kwa njia zote mbili. Nyumbani huna maabara, na kituoni usichukulie kwamba ipo. Uliza kabla hajachagua Fizikia na Kemia. Ukiona jibu linazungushwa, mwache achague masomo ya sanaa na afaulu. Akumbuke pia kwamba divisheni ya kidato cha nne inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo kuchukua matano ili kupunguza mzigo ni kujifungia.

Wenzake, jamani, wana uzito. Nilidhani binti ataona aibu kituoni. Alikuta kina mama wenzake wawili wenye watoto, kijana aliyekuwa kondakta, na mlinzi wa usiku anayesinzia kipindi cha mwisho. Baada ya mwezi mtoto wake alikuwa analelewa na darasa zima. Nyumbani kwangu asingeupata ukoo ule. Mwanangu naye, muhula aliokaa nyumbani, alijua hesabu za sehemu vizuri kuliko zamani: Agosti ile tulinunua zabibu za Hombolo, tukahesabu 24 kwenye sahani, nikamwambia atenge robo tatu, akatenga 18, akala, kisha akaniuliza zilizobaki ni sehemu gani ya zile alizokula. Theluthi. Aliligundua mwenyewe, mguu ukiwa kwenye hogo juu ya mto. Lakini kila siku saa saba alijivuta hadi dirishani kuwaangalia wenzake wakirudi na sare, na hakuna kitabu nilichoweza kumfungulia kikamtoa pale.

Nani achague nini

Kama mtoto amevuka umri, aliacha sekondari, na anachotaka ni cheti, mimi namwelekeza njia ya umma, hata kama mzazi ni msomi. Usajili, muhtasari na wenzake vina thamani kubwa mno kuviacha. Mzazi mwenye uwezo aongeze jioni ya nyumbani juu yake, nusu saa ya neno moja kama nilivyosimulia. Mchanganyiko huo ndio uliomvusha binti wetu QT.

Kama ni mgonjwa wa muda mrefu, mlemavu ambaye kituo hakifikiki kwake, au anaishi kijiji cha mbali ambako nauli ya kuja mjini na kurudi inazidi kipato cha siku, mfundishe nyumbani, lakini kwa masharti: awepo mtu mzima anayejua Kiingereza cha kidato cha nne, awepo mtu wa kupokea wageni, na ufuatilie usajili mwenyewe tangu Januari. Likikosekana sharti la kwanza, tafuta mwalimu jirani kabla hujaanza.

Kama mzazi anamtoa mtoto kwa sababu amekasirishwa na mwalimu, au kwa sababu kazi za nyumbani zinahitaji mikono, njia zote mbili hazitamsaidia mtoto huyo. Hilo nalo nimeliona.

Pa kuanzia ni kwa Afisa Elimu Watu Wazima wa halmashauri yako. Kila halmashauri inaye. Nenda na cheti cha kuzaliwa, cheti au namba ya mtihani wa darasa la saba, na matokeo ya kidato cha pili kama alifika. Uliza kituo kilicho karibu, vipindi vinaanza saa ngapi, usajili unafungwa lini. Andika majibu kwenye daftari mbele yake.

Jumapili hii nitamtafuta yule mama wa Nzuguni. Nilimpa jibu bila kumuuliza kwa nini binti yake amegoma kurudi shule, na nitamwomba aje naye.